Malai na Mafuta Yaliyorudi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake wa mwisho, familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu tuliyemwita Malai, na kwa kuwa maiti hasemwi vibaya, nitasema yaliyotokea tu.

Malai alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, kwenye nyumba hiyo mbele yenu, akasoma hadi darasa la saba, akarithi kwa baba ng'ombe wanne, akawafikisha ishirini kwa jasho lake, hilo hatumnyimi.

Mwaka 1974 alimwoa wifi yetu, yule pale kiti cha nyuma, wakajaliwa watoto watatu, na wifi ndiye aliyekata majani mabichi kila alfajiri, akakamua, akasukasuka maziwa hadi ikatoka siagi laini ya manjano, watu wakaigombania.

Mwaka 1988 tamaa ilimwingia kaka, akapunguza majani, akawashindilia ng'ombe pumba na mahindi ya kusaga, maziwa yakaongezeka kweli, lakini kiwanda cha maziwa alikouza kikayarudisha, kikisema mafuta hayatoshi, naye bila kuuliza akasema mkewe anaengua malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, na kuyauza kwa siri, akamfukuza nyumbani mchana kweupe, akimwita mwizi, watoto wakakatazwa hata kumfuata.

Wiki hiyohiyo bwana mifugo alimweleza kwamba ng'ombe asiyetafuna majani ya kutosha, mafuta ya maziwa yake hushuka, kaka akarudisha majani kimyakimya, mafuta yakapanda, kisha akatangaza mtaa mzima, mnaona, mwizi kaondoka na mafuta yamerudi. Alijua, jamani, na bado alisema.

Mei mwaka jana figo zilimwangusha, wanawe wakachoka, wifi akaja kumwogesha na kumlisha, na bwana mifugo alipokuja kumjulia hali akatusimulia yote mbele yake, tukamsihi kaka amtakase mama watoto wake kwa neno moja tu, akamtazama wifi aliyemshikia kikombe cha maziwa, akasema, mwangalieni sana huyo, maziwa haya mepesi. Hakusema tena. Alifariki Jumanne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari kwa uvumilivu wao, wafugaji wenzake wanaouza maziwa kiwandani kwa jeneza, na nyinyi majirani, mliolibeba lile neno mwizi miaka yote hii bila kuchoka, leo mlitue hapahapa.

Wifi, hukuiba kitu. Nawe kaka, amani ukiipata huko, pumzika nayo.