Bhante Khantiko wa Granville na Sahani ya Noeli

Ndugu, majirani na wanafunzi: huyu tunayemsindikiza leo mlimwita Bhante Khantiko, mtawa na mwalimu wa njia ya Buddha. Nyumbani aliitwa Dieudonné Aksanti. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kabare, karibu na Bukavu, kitinda mimba wa Mzee Rufus na Mama Chibalonza. Dada yake Léocadie, aliyemtangulia kwa miaka sita na ambaye alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni, na hilo hakuacha kumkumbusha hata alipokuwa mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi Kabare na sekondari Bukavu, akapata diploma ya ualimu mwaka 1991. Alifundisha hesabu mpaka vita vya 1996 vilipotutawanya. Katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alifundisha tena, chaki akiiomba kipande kwa kipande.

Hakuoa. Mchumba wake, Emerance, alifariki kambini kwa malaria mwaka 1999, wiki tatu kabla ya harusi. Waliomletea habari za posa baadaye aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai, akawaaga.

Alifika Sydney Juni 2005 pamoja na Léocadie na Ketsia, binti wa Léocadie. Alipakia maboksi ghalani Lidcombe, na mwenzake wa kazi kutoka Sri Lanka akampeleka kwenye nyumba ya watawa, Granville. Alikwenda kwa udadisi, akabaki. Mwaka 2010 alinyoa kichwa, akavaa joho. Tusidanganyane: sisi familia, Wakristo tangu enzi za babu, tuliona haya. Lakini kila Jumapili wauguzi, madereva na wajane walijaa kumsikiliza. "Hasira ni mgeni," aliwaambia. "Mpe kiti, usimpe kitanda."

Noeli ya 2014 Léocadie alikubali kumwalika kwake, Auburn. Aliamka alfajiri, akatwanga sombe, majani ya muhogo, akasonga bugali, akakaanga samaki. Alipanga vyote mezani mbele ya ndugu yake, akasema, "Karibu, jipakulie," akarudi jikoni kama mama yeyote mwenye wageni. Dieudonné alikaa, mikono magotini. Saa sita mchana ikapita, sahani ikiwa vilevile.

"Kambini ulikula sombe bila chumvi," Léocadie alimwambia. "Leo chakula changu kimekuwa kichafu?"

"Yaya, ni kanuni yetu..."

"Kanuni zako ziache mlangoni."

Aliondoka na njaa. Kila Noeli alipiga simu. Léocadie aliitazama ikilia. Ketsia alimwambia, "Mum, just pick up," akajibiwa kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu. Ikapita miaka tisa.

Februari 2024 madaktari waligundua saratani ya ini. Mwezi Mei, Ketsia alimvuta mama yake mpaka hospitali. Wakiwa bado mlangoni mwa chumba, walimwona Chebet, muuguzi Mkenya na mwanafunzi wa Bhante, akimkabidhi mgonjwa bakuli la uji mkononi, ingawa meza ilikuwa pale pale. Chebet alipotoka, Léocadie alimfuata kwenye korido kumuuliza sababu.

"Mama, mtawa hajichukulii chakula," Chebet alisema. "Hata kikiwa mbele yake hakigusi, mpaka mtu ampe mkononi, tena kabla ya saa sita mchana. Hakukuambia?"

Léocadie alitafuta kiti, akakaa. "Alitaka kuniambia," alisema.

Aibu ikamrudisha nyumbani bila hata kuingia chumbani. Ilimchukua wiki tatu kujikaza. Jumapili tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alifika na bakuli la sombe, akampa kwa mikono miwili. Dieudonné akalipokea. Hakuweza tena kumeza. Alilishika mpaka likapoa, akasema, "Yaya, imenifikia." Jumanne tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 53.

Ameacha dada yake Léocadie, mpwa wake Ketsia, binamu yake Fidèle anayewasomea haya, na wanafunzi ambao hata watawa wenzake hawajui idadi yao. Tulikuwa tumeandika kwamba ndugu hawa wawili walitengana kidogo kwa sababu ya shughuli. Léocadie aliikata sentensi hiyo kwa kalamu. Ametaka isomwe mbele yenu kwamba kutoka Auburn hadi Granville ni vituo viwili vya treni, na kwa miaka tisa yeye hakupanda.

Pumzika kwa amani, Bhante wetu, mdogo wetu.