Nyasi za Ofisi Zinakwenda Wapi?

Kahawa nauza mimi, na benchi langu limegusana na bustani mpya ya ofisi ya kijiji, upande huu wa Segera wa kwendea Handeni. Ni masika ya mwaka sabini na tano. Mwenyekiti kaamuru zioteshwe nyasi mbele ya ofisi, maana mkuu wa wilaya anakuja. Nyasi! Sisi ambao uwanja wa nyumba ukionekana na jani, mke huulizwa kama anaumwa. Kazi kapewa Bonaventura, Bwana Bustani, aliyekuwa akitunza ua wa meneja wa mkonge kule Korogwe. Ukoka, ndiyo nyasi zenyewe, ukishika, atabaki bustanini. Ukikataa, atarudishwa kufyatua matofali, na mgongo wake mkonge ulishaumaliza. Leo tena kakuta upara katikati ya nyasi zake. Namwonea huruma kweli, lakini kicheko sikiwezi. Kakaa na Mhina, tunayemwita Redio kwa kuwa habari zote anazo, na Mbaruku, tunayemwita Siasa, ambaye hata mafua kwake yameletwa na mabeberu.

Bwana Bustani: Jamani, nimekosa nini? Nimepanda mvua ya kwanza, ardhi laini. Samadi ya mbuzi iliyooza nimetia. Siku isiyo na mvua namwagilia jioni, si jua la mchana. Na kukata sijakata, nangoja mizizi ishike. Mbona unapungua?

Redio: Umechelewa kuukaripia. Samaki mkunje angali mbichi.

Bwana Bustani: Samaki katoka wapi, Mhina? Huu ni ukoka!

Redio: Basi ni mchwa.

Siasa: Mchwa hali kibichi akaacha mlango wa ofisi mkavu. Huyu ni kibaraka, ndugu zangu. Ananyofoa jani mojamoja ili ujamaa uonekane una kipara.

Redio: Mojamoja atamaliza lini?

Siasa: Haba na haba hujaza kibaba!

Bwana Bustani: Kibaba kinajaa, bwana. Changu kinapungua.

Siasa: Chako kinapungua kwa kuwa chake kinajaa! Tena huenda hata hashuki. Anapita juu na ndege, ana sumaku.

Nikauliza sumaku gani inavuta nyasi.

Siasa: Ya nyasi! Ya chuma ni ya zamani.

Redio: Sikilizeni, mimi nimeshajua. Bonaventura, mbegu ulitoa wapi?

Bwana Bustani: Kule kule kwa meneja. Nilijaza gunia.

Redio: Na ukoka hutembeaje?

Bwana Bustani: Hutambaa.

Redio: Basi! Unarudi kwao. Sisi tukilala, wenyewe unatambaa. Sasa hivi uko Segera njia panda, unauliza barabara ya Korogwe.

Siasa: Ukikosea ukashika ya Dar es Salaam tumekwisha. Utakwenda kutushtaki!

Redio: Na umeambiwa kabisa mkubwa anakuja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Bwana Bustani: Utavunjikaje guu na wewe umesema unatambaa?

Hapo Siasa alicheka hadi kikombe kikamponyoka. Bonaventura naye akacheka, huku machozi yanamtoka. Akatuambia matofali yatamuua, na yeye hapendi kufa akiwa na tope masikioni. Tukazidi kucheka, Mungu atusamehe.

Ndipo akafika Bibi Mwaija, aliyehamia wiki hii kutoka Mashewa. Hatujamzoea bado.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Nani kafiwa, mbona mnalia?

Bonaventura akamweleza yote: mvua, samadi, mchwa, ndege, safari ya ukoka. Bibi alisikiliza kwa adabu, akatutazama mmoja mmoja kuanzia magotini.

— Haya. Na hizo mlizoshika mikononi, mmezing'oa wapi?

Tukaitazama mikono yetu. Redio alikuwa na kitita. Siasa alikuwa anachokolea meno kwa kikonyo chenye mzizi wake. Mimi nilitazama mdomo wa birika langu, nilioziba kahawa isipoe, nikaona kijani. Tumelelewa na jembe. Mkono wetu ukikuta jani mahali peupe, hauombi ruhusa.

Bonaventura akafungua kiganja chake. Ndicho kilichojaa kuliko vyote. Alipiga magoti pale pale, akaanza kuurudisha ukoka ardhini, shina kwa shina, na sisi tukaambiwa tukalie mikono yetu.