Siku ya Kufungulia Ng'ombe Ekebråna

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Hjördis Ramstedt wa Ekebråna. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Aliuawa na ng'ombe Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya kufungulia ng'ombe, mbele ya watu mia tatu waliokuja kuwaona wakirukaruka malishoni baada ya kufungiwa majira yote ya baridi. Wengi wenu mlikuwepo. Wengine mlinipigia simu hapa studioni mkilia.

Niwaonye mapema: maisha ya Hjördis yalikuwa na vipigo vingi. Binti yake, Ylva, aliniambia, "Usimpambe mama. Ukimpamba hatajitambua." Basi simpambi.

Hjördis alizaliwa Ekebråna, mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake Torvald, aliyemzidi miaka mitatu. Baba yao alikuwa mkulima hodari mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Siku moja Torvald alimwaga ndoo ya maziwa. Baba akamwangusha chini ghalani, akaanza kumchapa kwa hatamu ya farasi, na hakuonyesha dalili ya kuacha. Hjördis alikuwa na miaka tisa. Aliurukia ule mkono akaung'ata mpaka damu ikatoka. Baba akamtupa ukutani, jino la mbele likang'oka.

Torvald anakumbuka hivi: "Alitema damu, akanitazama, akasema, 'Kimbia basi, we zuzu, unangoja nini?'"

Alikua mwanamke wa mabega mapana. Alifanya kazi machinjioni mjini miaka kumi na minane, akamlea Ylva peke yake. Baba alipofariki, shamba liligawanywa. Torvald alipata upande wa kaskazini, wenye misonobari. Hjördis alipata upande wa kusini: malisho, konde la majani, na msitu wa mialoni mikongwe iliyokuwepo kabla ya kanisa letu kujengwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia. Torvald alitaka kuikata misonobari yake yote na kuiuza. Lakini ili malori yafike, barabara ilibidi ipite kwa Hjördis. Naye Hjördis akatia saini mkataba na chama cha kutunza mashamba na misitu. Ardhi yake haitakatwa miti, haitajengwa, haitapitishwa barabara, milele. Na itakuwa wazi kwa kila mtu anayetaka kuja kutembea, kuvuna majani, kula na kucheza.

Hakumwambia kaka yake. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilikiri mpaka mwisho.

Torvald alisoma habari hiyo gazetini. Akaja na gazeti mkononi, akamkuta jikoni.

"Umenizika hai," alisema.

"Njia ya zamani ipo. Pitishia huko."

"Njia ya zamani ni tope tupu, na unajua. Trekta linazama, sembuse lori."

"Basi usikate."

"Wewe na vimaua vyako. Nani alikwambia hapa pawe bustani ya watu wa mjini?"

"Kunywa kahawa, Torvald."

Hakunywa. Alikipigiza kikombe ukutani, kahawa ikatiririka mpaka sakafuni, akaondoka bila kufunga mlango.

Mwaka uliofuata, Julai 1997, Hjördis aliandaa sherehe ya kwanza ya kukata majani. Walikuja watu kama arobaini na miundu yao ya mipini mirefu. Walifyeka tangu asubuhi na mapema, umande ukingali kwenye majani. Saa sita mchana waliketi kwenye meza ndefu kando ya mialoni, wakala samaki wa siki, viazi vipya na maandazi ya mdalasini. Jirani yao, mzee Evert Kling, alikuwa anapiga fidla, ameipa mgongo njia.

Trekta la Torvald liliuvunja ukuta wa mawe likaingia kondeni. Wengi walidhani amekuja kusaidia kubeba majani. Halikupunguza mwendo. Liliipanda meza kwa upande mmoja, mbao zikapasuka kama kuni, watu wakaruka huku na huku. Evert alichelewa kugeuka. Gurudumu la nyuma lilimpanda mguuni, likasimama juu yake.

Hjördis alichukua reki. Alimshika Torvald ukosi akamng'oa kitini, akamwangusha majanini, akaanza kumpiga kwa mpini. Pigo la kwanza lilitua begani. La pili lilimvunja mkono, na waliokuwa karibu waliusikia mfupa. La tatu lilimvunja taya. Torvald alikuwa ameshaacha kujikinga, lakini Hjördis aliendelea tu. Ilibidi watu wanne wamshike, na mmoja wao aliondoka na jicho limevimba.

Ylva alikuwa na miaka kumi na mitano. "Siku ile," anasema, "nilimwogopa mama kuliko mjomba."

Evert alikatwa mguu juu ya goti. Torvald alifungwa jela. Hjördis naye alifikishwa mahakamani, akapewa kifungo cha nje. Hakimu alimuuliza kama alikuwa anajitetea. Akajibu, "Pigo la kwanza lilikuwa la kumzuia. Mengine yalikuwa yangu."

Baada ya hapo hakutaka tena kusikia habari za sherehe. Aliona aibu. Aliyemtoa ndani ni Evert mwenyewe. Julai iliyofuata alimfikia mlangoni kwa magongo mawili, fidla mgongoni.

"Mwaka huu hatufanyi, Evert," Hjördis alimwambia.

"Nimetembea kilomita mbili kwa mguu mmoja. Unataka nirudi na njaa?"

Wakafanya. Na mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi leo. Wakaongeza na siku ya tufaha, na matembezi ya watoto ya kusikiliza bundi, na hii siku ya kufungulia ng'ombe.

Torvald alipotoka jela alirudi nyumbani kwake. Kutoka dirishani kwake aliwasikia wakicheza. Miaka minane ndugu hawa wawili hawakusalimiana, na nyumba zao zimetenganishwa na shamba moja tu.

Kisha ikaja tufani ya Januari. Misonobari yote ya Torvald ililala chini, kama majani yaliyofyekwa. Akawa anaikata peke yake, na mkono wake ulikuwa haunyooki tena. Hjördis alikuwa anausikia msumeno wake kutwa. Siku ya tatu ukanyamaza ghafla katikati ya mti. Akaenda. Alimkuta amebanwa kifuani na shina lililofyatuka, uso wa buluu, msumeno umezimika chini kwenye theluji. Aliuchukua, akauwasha, akalikata lile shina pande mbili, akamvuta nje.

"Usidhani nimekusamehe," alimwambia.

"Sijakuomba," akajibu Torvald. Alikuwa amevunjika mbavu tatu.

Wiki hiyohiyo Hjördis alikwenda kwa watu wa chama, akawasumbua mpaka wakakubali magogo yapitishwe kondeni mwezi mmoja tu, wakati ardhi imeganda. Magogo yakapita. Julai Torvald alikuja kwenye sherehe akiwa amebeba ndoo ya viazi alivyovimenya mwenyewe. Evert hakumpa mkono, siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Lakini alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Sasa nifike Jumamosi ile, wasikilizaji wapendwa.

Ng'ombe walikuwa ishirini na watatu, wa Hjördis mwenyewe. Watu walisimama nyuma ya uzio wa waya, watoto mabegani mwa baba zao. Lango la zizi likafunguliwa, ng'ombe watano wa kwanza wakatoka, wakarusha mateke, watu wakacheka. Ndama mmoja akapotea njia akaja mpaka kwenye waya. Msichana wa miaka minne akapita chini ya waya ili amshike.

Mama wa ndama aliwaona. Aliinamisha kichwa akaja mbio.

Hjördis alikuwa ndani ya malisho na fimbo yake. Alikimbia, mtu wa miaka sabini na miwili, akasimama katikati. Alimchapa ng'ombe puani, fimbo ikavunjika. Akamshika pembe. Ng'ombe akamnyanyua, akambwaga chini, akamkandamiza kifuani kwa magoti, mara ya kwanza, mara ya pili. Baba wa yule mtoto akapata nafasi ya kumvuta mwanawe. Mtoto hakuumia hata kidogo.

Torvald aliupanda waya. Ana miaka sabini na mitano. Alimpiga ng'ombe usoni kwa koti lake, akipiga kelele, mpaka akageuka na kumfuata ndama wake. Torvald akapiga magoti kando ya dada yake. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Nyuma yao ng'ombe wengine kumi na wanane walikuwa wanasukumana kutoka zizini, wameshtushwa na mayowe, na waya ule usingewazuia.

Hjördis alisema, "Niache mimi. Lango."

"Nilimwacha," Torvald aliniambia. "Nikaenda nikalifunga, nikalikaza kwa mnyororo. Si mbali pale. Niliporudi alikuwa ameshakwisha."

Kwa Ylva, kwa Torvald, na kwa wote wa Ekebråna, tunawapa pole kutoka moyoni. Yule ng'ombe yu hai. Ylva alikataa auawe, na najua wapo mlioghadhabika. Ni haki yenu. Ninaloomba ni dogo. Leo kila mmoja wetu amfikirie ndugu yake mmoja ambaye hasemi naye, na ajiulize yeye mwenyewe alichangia nini.

Kabla sijaondoka Ekebråna nilimuuliza Torvald anataka niwaambie nini. Aliusugua ule mkono usionyooka.

"Waambie tunakata majani Jumamosi ya pili ya Julai," alisema. "Na wanoe miundu yao nyumbani. Mwaka jana walituletea butu."