Vidole Chini ya Shuka

Kwenye basi la kwenda hospitali ya chuo kikuu, daktari mmoja mstaafu alikuwa akimsimulia binti anayesomea kuzibua mishipa ya moyo kwa waya.

"Enzi zetu mwalimu alitufunika mikono kwa shuka, tupitishe waya kwenye mipira ya dripu kwa kupapasa tu. Lile shuka nalikumbuka mpaka harufu yake."

"Siku hizi tunajifunzia kwenye mashine, babu. Ukitoboa mshipa, inapiga kelele."

"Mgonjwa hapigi, mjukuu wangu. Yeye hunyamaza."

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nikajifanya nasoma simu. Kusikiliza ya watu nako kunataka ufundi.

"Lakini skrini zetu zinaonyesha kila kitu!" binti akang'aka.

Basi likasimama. Mzee akakunja mkono wa shati. "Leo nakuja kuzibuliwa moyo mimi, waya utapitia hapa mkononi. Wameniambia atakayeupitisha ni binti, bado yuko masomoni."

Binti akautazama ule mkono, halafu akavitazama vidole vyake.