Viti Ishirini vya Gashe Wubshet

Kijiwe chetu kiko nyuma ya vyoo vya madereva, kwenye ule uwanja wa lami ambako teksi hupangwa safu kungoja ndege zishushe watu. Benchi ni moja, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Safu yako ikiitwa usipotoka unarudishwa mwisho, kwa hiyo tunakaa shingo upande, sikio moja kwenye maneno na jingine kwenye kipaza sauti. Etye Zenebech, dada yetu mkubwa, ni dereva kama sisi, na kwa ulimi anatuzidi wote. Huchemsha kahawa kwa jiko la gesi ndani ya buti la gari lake. Balozi anaitwa Balozi kwa sababu aliwahi kumwendesha balozi mmoja kule Addis kwa wiki mbili, na mpaka leo hajashuka kwenye gari lile. Mwalimu alifundisha jiografia Dessie, mji wa kwetu wa milimani, miaka kumi na moja. Mimi ni Karani, maana natunza daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana; nisipopatikana analishika Mwalimu. Asubuhi hiyo ya Agosti hoja ilikuwa Gashe Wubshet, mzee wetu aliyekaa miaka ishirini na mbili hapa Virginia, mwenye pasipoti ya hapa na nyumba ya hapa, ambaye Jumapili anarudi Dessie moja kwa moja. Anasema anakwenda kwa mama yake. Mama yake alikufa Machi. Sote pale tulijua, na kazi ya kumwambia ilikuwa yetu.

Balozi: Mimi nasema ni baridi. Januari kaanguka kwenye barafu hapa hapa, mbele ya choo.

Etye: Aliyeanguka ni wewe.

Balozi: Tulianguka wote. Mimi nilitangulia.

Mwalimu: Baridi ameivumilia miaka ishirini na mbili imshinde leo, jua linaunguza hivi? Hapana. Ni haya magari ya kuitwa kwa simu. Zamani ulikaa kwenye safu saa moja, sasa unakaa saa nne. Mtu kachoka kuwa mlinzi wa gari lake mwenyewe.

Balozi: Basi wewe mbona hujaondoka?

Mwalimu: Mimi nina watoto shuleni.

Balozi: Una mtoto mmoja, ana miaka ishirini na tisa, na ana ndevu.

Mwalimu: Bado anasoma.

Etye akacheka mpaka kahawa ikataka kumwagika. Akatugawia duru ya kwanza na kolo, shayiri yetu ya kukaanga, tukawa tunatafuna. Kipaza sauti kikaita safu ya tatu. Sisi tulikuwa ya kumi na mbili.

Balozi: Haya, niwaambie ukweli. Ni mwanamke. Kuna binti pale Kombolcha ana duka la vitambaa.

Etye: Ulimwona?

Balozi: Nimehadithiwa na mtu aliyeliona duka.

Mwalimu: Acha kutupiga kamba. Wubshet? Mtu anayeona haya hata kumwomba abiria afunge mkanda? Sikilizeni, hili ni jambo la kisayansi. Dessie iko juu, mita elfu mbili na mia tano. Kule hewa ni nyepesi. Moyo wa mtu wa kule umezoea kuvuta kidogo kidogo. Ukamleta hapa chini, usawa wa bahari, hewa nzito, tele, ya bure. Mtu anavuta, anavuta, analewa. Wubshet amelewa hewa miaka ishirini na mbili. Sasa pombe imemtoka, anashangaa, anauliza: hapa ni wapi?

Balozi: Na wewe wa huko huko, bado umelewa?

Mwalimu: Chakari.

Balozi: Hewa si kitu. Tatizo ni damu. Hapa kila ukienda hospitali wanakutoa chupa tatu za kupima. Tatu! Piga hesabu ya miaka yote hiyo. Damu aliyokuja nayo Wubshet haimo tena, hii aliyonayo imetengenezwa kwa maji ya bomba ya hapa. Ndiyo maana anarudi, kwenda kuijaza upya.

Mimi: Kwa hiyo anakwenda Dessie kama gari linalokwenda kituo cha mafuta?

Balozi: Karani, wewe cheka tu.

Etye akaweka birika chini. Alikuwa hacheki tena.

Etye: Mmemaliza? Hewa mmemaliza, damu mmemaliza. Sasa niambieni, nani anamwambia?

Hapa naona haya hata kusimulia. Kwetu kifo cha mzazi hakisemwi kwa simu. Ndugu wa nyumbani wanampigia mtu wa chama, kisha wazee wanakusanyika, wanakwenda kwake alfajiri kabla hajatoka, wanagonga, wanaingia wote, wanamwambia, na anapopiga kelele kuna mikono ya kumshika. Tunaita *merdo*. Aliyepigiwa simu na ndugu yake Wubshet nilikuwa mimi. Mara ya kwanza Balozi alikuwa na abiria wa saa kumi alfajiri. Mara ya pili Mwalimu aliumwa mgongo. Mara ya tatu tulifika hasa, Jumatano moja ya Aprili, gari mbili, tukakuta pale anapoegesha pako wazi. Tukasema ameshaingia kazini, tukageuza tukawahi safu. Baada ya hapo ikaja Pasaka, na Pasaka huwezi kumpelekea mtu msiba. Halafu ikawa tumechelewa mno, tukaanza kuona aibu, na aibu ikatuzidi mwendo.

Mwalimu: Ataambiwa kule. Atashuka, ndugu zake watampokea, wao wanajua namna.

Etye: Uwanja wa ndege? Ana mzigo mkononi, anatafuta uso wa mama yake kwenye watu? Mwalimu, una moyo kweli wewe, au nao umelewa hewa?

Hapo gari la Wubshet likaingia, lile jekundu lenye mkwaruzo mlangoni, lakini aliyeshuka ni Surafel. Kijana huyu wa Bahir Dar ana miezi miwili tu kazini, na ndiye aliyeuziwa gari. Akatuinamia mmoja mmoja, akakubali kikombe.

Surafel: Gashe yuko dirishani kwa wakubwa, anarudisha kitambulisho. Anakuja kuwaaga.

Balozi: Sasa hivi?

Surafel: Sasa hivi. Kaka zangu, hebu niulize. Hivi Gashe anafanya sherehe?

Balozi: Sherehe gani?

Surafel: Nilikwenda kwake jana kuchukua funguo. Sebuleni hamna kochi, hamna meza. Viti tu, vile vya kukunja, ishirini, nilivihesabu. Vimepangwa ukutani pande zote. Vingine bado vina nailoni.

Balozi: Mnaona! Anaagwa na watu ishirini na mimi sijaalikwa! Mimi niliyemfundisha njia ya mkato ya kwenda uwanja wa pili!

Etye: Mizigo je? Kafunga masanduku mangapi?

Surafel: Sanduku moja. Dogo.

Etye: Mtu anayekwenda kwa mama yake, baada ya miaka yote hii, na sanduku moja dogo?

Akatutazama. Hata mtu anayekwenda harusini kwa wiki moja hubeba masanduku mawili yaliyojaa viatu vya kuwapelekea watu.

Mwalimu: Hapa hatuwezi kumwambia. Nyuma ya choo? Saa nne asubuhi? Hakuna padri, hakuna chochote.

Etye: Basi ungemwambia alfajiri kwake. Zilikuwepo alfajiri mia na hamsini.

Balozi: Anakuja. Nyamazeni. Mimi nitaanza, nina uzoefu wa maneno makubwa.

Gashe Wubshet akaja polepole, mwembamba, ndevu nyeupe, kavaa lile shati jeusi ambalo tangu Pasaka tulikuwa tunamtania kwamba amelipata kwa wahudumu wa hoteli. Tukasimama wote. Etye akampa kikombe, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Balozi: Gashe. Sisi, kama wenzako, na kwa niaba ya chama, tuna neno ambalo kwa kweli, kutokana na hali ya…

Wubshet: Kaa, Balozi. Najua.

Balozi: Unajua nini?

Wubshet: Mama.

Etye akajifunika mdomo kwa mtandio wake mweupe. Mzee akanywa kidogo, akaisifu kahawa, kisha akazungumza kama mtu anayeelekeza njia.

Wubshet: Aprili mwanzoni nilimpigia dada yangu, ile simu ya kuonana. Alijisahau akapokea. Kavaa nyeusi, kichwa kakinyoa. Nikamuuliza, mbona umenyoa? Akasema joto. Dessie, joto! Nikamwambia umependeza.

Mwalimu: Hukumuuliza zaidi?

Wubshet: Ningemuuliza angenijibu, na mimi ningekuwa peke yangu jikoni na simu mkononi. Nikasema hapana, wenzangu watakuja. Karani lazima kapigiwa, Karani hakosei. Nikaenda kununua viti.

Mimi nikatazama chini. Sikuwa na pengine pa kutazama.

Wubshet: Kila alfajiri nilikuwa nimeamka, nimejifunika gabi, lile shuka langu zito, taa ya mlangoni nimewasha. Gari likisimama nje nasema, ndio hao. Kumbe mtu wa magazeti. Nikasubiri mpaka Juni.

Balozi: Lakini Gashe, tulikuja! Haki ya Mungu! Jumatano moja, mimi, Mwalimu na Karani. Gari lako halikuwepo!

Wubshet: Jumatano ya wiki ya Hosana, ile ya kabla ya Pasaka?

Balozi: Hiyo hiyo!

Wubshet: Gari nilikuwa naliweka mtaa wa nyuma. Pale mbele niliwaachia nyie. Mtaa wangu ni mgumu kuegesha.

Kipaza sauti kikaita safu ya tisa. Ndege kubwa ikapaa juu yetu, tukangoja ipite, na nilishukuru kwa zile sekunde. Mwalimu alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ule mkono wenye kolo.

Wubshet: Msilie. Sina kinyongo, nawaambia kweli. Mwaka juzi mlipokwenda kumpa habari ya msiba yule mjane wa Arlington mliniita, mimi nikasema niko zamu. Sikuwa zamu. Nilikuwa nimechoka tu. Hapa tunachoka.

Etye: Kwa hiyo unatukimbia sisi.

Wubshet: Siwakimbii, Etye. Watu wananiuliza, ni ubaguzi, ni polisi, ni bei ya nyumba? Hayo nimeishi nayo. Mimi nina msiba wa miezi mitano na sijaulia. Kule jirani nisiyemjua ataweka turubai barabarani, atafunga njia, magari yatazunguka. Nataka nizuie magari, Etye. Mara moja tu, kwa ajili ya mama yangu, magari yazunguke.

Akarudisha kikombe. Akamkumbatia Balozi, akamkumbatia Mwalimu, bega kwa bega mara tatu. Mimi akanishika kichwa, kama unavyomshika mdogo wako, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Mimi: Gashe, nikupeleke nyumbani.

Wubshet: Uko kwenye safu, utapoteza nafasi. Napanda basi.

Aliyasema bila kejeli. Ndio ubaya wake.

Etye Zenebech akazima jiko. Kahawa ya duru ya pili ilikuwa ndiyo kwanza inafura, akaimwaga yote kwenye lami, akafunga buti kwa kishindo.

Etye: Viti bado viko?

Wubshet: Viko. Vinachukuliwa kesho.

Etye: Basi twende tukavikalie. Ingia ndani, Gashe. Safu na iende zake.

Mzee akalisogelea gari. Akafungua mlango, akashika juu ya paa, asiweze kuingia. Etye akazunguka gari akamshika, akaanza kumlilia mama yake kwa sauti, vile tunavyolilia kwetu, mpaka madereva wa safu nyingine wakatoa vichwa madirishani. Hatimaye mzee naye akalia. Kisha wakaingia garini.

Balozi: Tangulieni! Tunapeleka abiria mmoja mmoja tu, tunakuja nyuma yenu!

Etye alimtazama kupitia kioo. Akaondoka.

Tukabaki wanne na benchi, kahawa hakuna. Safu ya kumi na moja ikaitwa. Surafel alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, anazungusha funguo za gari jekundu.

Surafel: Samahani kaka zangu. Na nyie je? Kwenu wote ni wazima?

Balozi alifungua mdomo aseme wazima, akaufunga. Kisha akanigeukia taratibu.

Balozi: Karani. Wanaokufa unapigiwa wewe.

Mimi: Sina kitu chako, Balozi. Naapa.

Balozi: Wubshet naye ulimuuliza kila siku, mama hajambo?

Nilimuuliza. Kila siku tangu Machi, huku najua, nikampa na mkono. Balozi akaendelea kunikazia macho, akitafuta kitu usoni pangu, na sikuwa na namna ya kumwonyesha kwamba hakimo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba yangu sijasikia sauti yake tangu Julai, kila nikipiga naambiwa kalala, kaenda kanisani, koo linamsumbua.

Mimi: Na Karani akifiwa, simu anapigiwa nani?

Safu ya kumi na mbili ikaitwa. Hakuna aliyekwenda.

Mimi: Mwalimu, nimeuliza. Anapigiwa nani?

Mwalimu alikuwa anajipapasa mifukoni akitafuta funguo zake, nazo alikuwa amezishika mkononi.