Sababu Aliyoandikiwa Mama Spana

Ndugu wafiwa, majirani, na nyinyi mliotoka chuoni moja kwa moja na makoti yenu ya karakana, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba jana tuliletewa ombi la heshima kutoka idara ya uhandisi chuoni, kwamba miaka ya 1981 hadi 1983 tuiruke, eti haina faida msibani. Tumekaa kikao cha familia, tumekataa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi pampu na mkunga. Akiwa na miaka tisa alifungua kitasa cha chumba cha bibi ili aone kilichomo, akakirudisha kinyume, bibi akabaki ndani akigonga mpaka adhuhuri, na tangu siku hiyo hadi anafariki bibi hakuwahi tena kulala na mlango uliofungwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968, akamaliza sekondari ya wasichana Novemba 1980 akiongoza kwa hesabu na fizikia, na tarehe 7 Septemba 1981 akaingia chuo kusomea uhandisi mitambo, mmoja wa wasichana watano katika darasa la watu sitini na wawili. Hapa ndipo tulipoambiwa turuke. Mashine zilikuwa chache, wanafunzi wakawekwa makundi ya watano watano, wanne washike chuma na mmoja aandike ripoti, na wenzake walipouona mwandiko wake wakamwambia, "Andika wewe bwana, sisi mwandiko wetu kama kuku kaparua," akaandika wiki ya kwanza, akaandika ya pili, akaandika miaka miwili mizima, bila mtu kumfanyia ubaya wowote na bila mwalimu kuuliza. Juni 1983 ukaja mtihani wa vitendo, mtu mmoja mashine moja, dada akasimama mbele ya mashine ya kukereza ambayo alikuwa ameiandikia kurasa tisini, hajui mpini upi unavutwa kwanza. Akafeli, yeye aliyekuwa wa pili darasani kwa nadharia. Akaambiwa arudie mwaka, akarudi, na siku ya kwanza tu kundi jipya likamsogezea kalamu, akainuka, akaenda kuchukua fomu ya kuondoka. Karani ndiye aliyemjazia sababu, tarehe 19 Septemba 1983: ameondoka kwa hiari, hesabu zimemzidi. Dada akatia sahihi, maana alikuwa na miaka ishirini na miwili na amechoka, na sahihi ile ilimuuma kuliko kufeli.

Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa kiwanda cha mabomba kufagia chenga za chuma, na mzee mmoja wa pale, mkali kama pilipili, akamwambia, "Weka ufagio, njoo ushike hapa," na baada ya miezi minne dada akawa anakereza peke yake, na kufikia 1989 alikuwa msimamizi wa zamu. Basi walishangaa wengi, na sisi tukiwemo, alipoacha cheo hicho na tarehe 4 Machi 1991 kurudi chuo kilekile kuwa mtunza vifaa wa karakana. Hatukujua alichokifuata. Hakuna mwanafunzi anayeweza kuondoka chuoni bila sahihi ya mtunza vifaa kwamba harudi nyumbani na spana ya watu, kwa hiyo kila aliyekata tamaa lazima apite dirishani kwake, naye alikuwa hatii sahihi hiyo mpaka mtu aketi na kujibu: unaondoka kwa nini?

Kwa miaka thelathini aliandika majibu ya watu mia nne na kumi na wawili, na waliosema masomo yamewazidi walikuwa thelathini na mmoja tu. Mmoja alimtafuta mhadhiri wiki sita amuulize swali moja, mwingine alichekwa ubaoni akanyamaza moja kwa moja, mwingine alimaliza mwaka wa tatu hajawahi kumwona mhandisi akiwa kazini. Waliobaki nao aliwauliza, na wengi hawakuwa hodari kuliko walioondoka, ila walikuwa na mtu mmoja aliyewaambia, "Kesho njoo, tutalijaribu tena." Mapema tu, alipoyapeleka majibu ya miaka ya mwanzo kwenye kikao cha idara, akajibiwa kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Akarudi dirishani, akaanza kuwanyima vifaa makundi ambayo mwandishi wake ni yuleyule wa wiki iliyopita, akaandikiwa barua ya onyo kwamba kupanga makundi si kazi yake, akajibu kwa mstari mmoja: "Makundi pangeni nyinyi, spana natoa mimi." Jina la Mama Spana lilianzia hapo.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa winchi kiwandani, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Mwaka 2008 binti huyo, akiwa mwaka wa pili wa uhandisi, alipanga foleni dirishani kwa mama yake na fomu mkononi, akaulizwa kama wengine, akajibu, "Mama, sijashindwa, siipendi tu," na dada akaandika hivyohivyo, akasaini, akafunga dirisha, wakarudi nyumbani kwa miguu. Leo ni mwalimu wa muziki. Dada hakuwahi kugombana na mtu kwa kuondoka, aligombana na wanaowaandikia wenzao sababu za uongo.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2021, akaanza kusumbuliwa na moyo, akalazwa tarehe 9 Februari 2023, na Jumatatu tarehe 27, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka sitini na mmoja. Siku mbili kabla aliniambia, "Usinisomee uongo, mdogo wangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu waliomvumilia akiwakagua mitungi ya oksijeni, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake wote. Mkuu wa idara tunamshukuru pia kwa kufika, na tuna ombi kwake: hatutaki cheti wala jengo liitwe jina lake, tunataka sababu ile ifutwe na iandikwe kwamba mwanafunzi huyu hakuwahi kukabidhiwa mashine. Barua tumekwisha kuichapa, hii hapa, na safari ya makaburini haianzi kabla ya saa nane, mzee, muda wa kuisoma unao.

Pumzika kwa amani, dada, sisi hatupumziki mpaka asaini.