Kiwiko, Fundi Aliyevaa Saa za Watu

Ndugu waombolezaji, poleni, kaeni vizuri, mzee hakupenda kuharakishwa alipokuwa hai na leo hatumharakishi.

Marehemu, fundi saa mliyemwita Kiwiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kwenye chumba nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa dereva wa lori na mshona nguo, akaanza shule mwaka 1964, akaiacha darasa la sita baada ya kuifungua saa ya mwalimu mkuu, na tuseme ukweli, kuirudisha kulimshinda.

Mwaka 1975 aliweka meza yake pembeni ya duka la viatu, na hapo ndipo ilipoanza ile tabia, kwamba saa ya mkono akishaitengeneza hamrudishii mwenyewe mpaka aivae kwanza, maana saa iliyolala mezani inadanganya, lazima ibebe ndoo, ipande ngazi, ionje jasho, ndiyo ujue inakimbia au inachelewa, basi akawa anatembea na saa mpaka viwikoni, watoto wakimuuliza saa ngapi, anawauliza wanataka ya mkono upi.

Tarehe 2 Juni 1984 alimuoa muuza maziwa, aliyeleta saa iliyosimama akaondoka na mchumba, wakapata mtoto mmoja, binti, huyu anayewasomea.

Agosti 1988 askari walimkamata wakidhani ni mwizi, wakamwambia azivue, akagoma, akalala ndani nazo, asubuhi wenye saa wakajazana kituoni wakamtoa, ila hakuna aliyepewa yake palepale, eti majaribio hayajaisha.

Januari mwaka huu alianza kuugua figo, nesi akataka mkono wa kuwekea dripu, mzee akahamishia saa mkono wa pili, na alipofariki, tarehe 11 Aprili 2024, alikuwa amevaa ya kinyozi.

Leo asubuhi baba mdogo amemwambia binti avue hizi saa za wateja alizozivaa, msibani si gulioni, halafu simu zimeshaua saa, meza iuzwe, sasa kwa heshima zote, baba mdogo, mbele ya watu wote hawa, saa hazivuliwi na meza haiuzwi.

Tunawashukuru madaktari, yule nesi, majirani, na mwenye duka la viatu aliyeilinda meza, na wewe kinyozi, pole, saa yako bado inakimbia kidogo, njoo Jumatatu, utamkuta binti mezani.

Pumzika kwa amani, Kiwiko, huku mkononi zote zinatembea.